Mikono Ndani ya Leso

Pa. Pa. Pa-pa.

Sauti hiyo ilitoka jikoni kabla jogoo hajawika. Joan, aliyekuwa amejikunja chumba cha pili chini ya blanketi, alitabasamu usingizini akidhani ni chapati. Nyumbani kwa bibi yake, upande wa Kachibora, chapati zilipikwa Krismasi na siku ya mgeni. Basi akajigeuza upande wa pili, akaanza kumwota huyo mgeni.

Hakukuwa na chapati. Kogo Jepchumba, maana huko kwao bibi huitwa kogo, alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya moto. Taa ya sola ilining'inia juu ya kichwa chake, na mapajani mwake, juu ya kipande cha gunia, alikuwa na ng'ombe wa udongo. Alikuwa akimpigapiga mgongo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemcheulisha mtoto mchanga.

Kogo hakukusudia kufika mbali hivyo. Jioni iliyotangulia, Judy, mama yake Joan, alikuwa amepiga simu kutoka Kitale mjini, ambako alishona sare za shule na kurudi nyumbani wikendi.

"Mama, mwalimu ametuma ujumbe kwa grupu ya wazazi. Kesho Joan apeleke mnyama wa nyumbani, wa kufinyanga na udongo. Msaidie kidogo."

"Kidogo tu?"

"Kidogo tu. Usimwache mpaka alie."

Lakini Joan alilia. Alichota udongo kijitoni, akaukanda, akafinyanga ng'ombe mpaka giza likaingia. Ng'ombe mwenyewe alikuwa na kichwa kikubwa kama kiazi na miguu minne iliyokubali kusimama kwa muda wa kupumua mara moja tu, kisha ikakunjamana. Kila alipomwinua, alianguka. Mwishowe mtoto akaanguka naye, akalia kwa kwikwi, akanawishwa mikono, akapelekwa kulala.

Alfajiri, Kogo alipoamka kuwasha moto kabla ya kwenda kukamua, alimwona ng'ombe yule amelala kifudifudi juu ya gunia, akamhurumia. Akasema moyoni atanyoosha mguu mmoja tu. Aliponyoosha mguu mmoja, wa pili ukaonekana mfupi. Alipourefusha wa pili, tumbo likaonekana limelegea. Akaona heri atie vijiti ndani ya miguu, na ili kutia vijiti ilibidi abomoe. Akabomoa. Alipokuja kuzinduka, mapajani mwake alikuwa amesimama Cheptui, ng'ombe wake mweusi wa maziwa, pembe moja imenyooka na nyingine imepinda kuelekea sikioni, vilevile alivyo.

Alikuwa ng'ombe mzuri, na Kogo alijua. Alipokuwa msichana mdogo akichunga, yeye na wenzake walifinyanga ng'ombe wa kuchezea, wakawajengea maboma ya vijiti, wakaozana kwa mahari ya ng'ombe hao. Tangu aolewe hakuwa amegusa udongo kwa raha. Asubuhi hiyo mikono yake ilikuwa imefurahi, na furaha ya mikono ina haraka, haiulizi mwenye kazi ni nani.

Joan aliingia jikoni akifikicha macho. Akatafuta chapati kwa macho, hakuziona. Akaona ng'ombe.

"Ni mzuri, kogo," alisema. Kisha akachungulia chini ya kigoda, akachungulia na nyuma ya mlango. "Na yangu iko wapi?"

Kogo alisafisha koo. "Yako iko hapa ndani. Udongo ni ule ule."

Joan alimtazama ng'ombe tumboni kana kwamba angemwona wake mle ndani akichungulia nje. "Sawa," akasema kwa sauti ndogo, akaenda kunawa uso.

Ile "sawa" ndogo ilibaki jikoni baada ya mtoto kuondoka. Kogo alikuwa nayo akikamua, na alikuwa nayo akimimina chai.

*

Mambo yangeishia hapo kama si mwalimu mkuu. Bwana Bethwel Kiplangat alikuwa mtu wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, na asubuhi ile alipita gredi ya tatu akaona kuku, kondoo na paka wa udongo wamepangwa dirishani, na katikati yao Cheptui.

"Nani ametengeneza huyu?"

"Joan!" darasa likaitika.

"Joan, ni wewe?"

Joan akatazama viatu vyake. Bwana Bethwel akaona hiyo ni adabu. Akamnyanyua ng'ombe kwa mikono miwili kama kombe, akampeleka gwaride, akamwonyesha shule nzima. Kila mwaka shule za kanisa lao, za Trans-Nzoia na za Bungoma, hukutana kuonyesha kazi za mikono za watoto, na safari hii wenyeji walikuwa Bungoma. Alitangaza papo hapo kwamba upande wa ufinyanzi, shule ingewakilishwa na Joan wa gredi ya tatu. Watu wakapiga makofi.

Jioni hiyo Joan hakula. Aliketi chini ya meza, mahali alipokwenda kila dunia ilipomzidi.

"Toka, mama," Kogo akamsihi. "Bungoma si mbali. Mtaenda na basi."

"Kogo, huko wanakupatia udongo mbele ya watu. Unatengeneza ingine wakikuangalia." Akavuta kamasi. "Mimi sijui kutengeneza. Watanicheka. Watasema nimeiba ng'ombe."

Kogo akaketi sakafuni kando ya meza. Hakuwa amefikiria kwamba kuna mahali ambapo mtoto angeketi peke yake na udongo mikononi, na bibi yake asiwe karibu kunyoosha mguu mmoja tu.

"Basi nitakufundisha," akasema. "Siku bado zipo."

Wakaanza kesho yake kibarazani. Joan akafinyanga kiwiliwili, na Kogo akatazama. "Hapana, mama, mgongo usiwe hivyo. Leta." Akauchukua, akauweka sawa, akaurudisha. Joan akafinyanga mguu. "Huo ni mnene. Leta." Baada ya muda Kogo aliinua macho akaona kwamba Joan ameketi na mikono yake mapajani, safi, imekauka, akitazama kama mtu anayetazama mvua. Ng'ombe wote alikuwa mikononi mwa Kogo tena.

Kogo alimweka chini. Kulipokucha alivaa kitambaa cha kanisani, akajaza maziwa kwenye chupa, akashuka shuleni.

*

Mwalimu Wamboi alikuwa msichana wa Kitale, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watoto wanyamaze ili wamsikie. Alimkuta Kogo mlangoni mwa darasa wakati wa mapumziko. Kabla hajamuuliza la kumleta, alipokea maziwa, akampa kiti chake mwenyewe, akaegemea dawati, akamimina nusu ya chai yake kwenye kifuniko cha chupa yake ya chai.

Kogo alikunywa kidogo kwa heshima, akatazama dirishani. Wanyama wote wa watoto walikuwa pale, hata kondoo mmoja aliyefanana na kiatu. Hakuna aliyetupwa. Na kila mmoja alikuwa na karatasi yenye jina la mwenyewe.

"Mwalimu, nimekuja kusema kitu," akaanza. "Ile ng'ombe..."

"Najua, kogo."

"Unajua?"

Mwalimu Wamboi akamchukua Cheptui, akamgeuza tumbo juu. Chini ya kifua palikuwa na alama ya dole gumba, pana, yenye mstari uliokatiza katikati. Kogo akafungua kiganja chake. Dole gumba lake la kulia lilikuwa na kovu la mundu, la siku moja ya kukata majani ya ng'ombe.

"Dole la Joan ni kama punje ya mahindi," mwalimu alisema. "Na hii ni gunzi."

Kogo alicheka bila kutaka, kisha akaona haya. "Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema mbele ya gwaride? Na mtoto amesimama pale?" Mwalimu akamrudisha Cheptui dirishani polepole. "Nilisema nitangoja. Mwenye dole atakuja."

"Basi mtoeni Joan kwa hiyo safari. Mwambie mwalimu mkuu ni makosa yangu. Mimi ndio nimezeeka vibaya."

Mwalimu Wamboi akafikiri, akitazama uwanjani ambako watoto walikuwa wakikimbizana na mpira wa karatasi.

"Mwalimu mkuu nitamwambia akirudi kutoka mkutano wa Kitale. Lakini tukimtoa Joan, atajua kitu kimoja tu maisha yake yote, kwamba mikono yake haiwezi. Mimi sitaki ajue hivyo. Kogo, wewe unajua kufinyanga. Mimi, kusema ukweli, nilifundishwa kwa karatasi tu. Kuja utufundishe. Darasa lote."

"Mimi? Mimi nilimaliza darasa la nne!"

"Kuja. Lakini hapa tuko na sheria moja. Mikono ya mtu mzima haigusi udongo wa mtoto. Hata yangu."

Kogo alisema hiyo ni sheria rahisi. Wenye mikono huwa wanasema hivyo.

*

Siku ya kwanza sheria hiyo haikufika nusu saa. Mvulana aitwaye Kipngetich alikuwa akifinyanga kuku, na shingo ya kuku ilikuwa inaelekea kuvunjika, na Kogo alikuwa amesimama hapo hapo. Hakujua alivyoinama. Alishtukia vidole vyake vimeshika shingo ya kuku na darasa zima linapiga kelele.

"Kogoooo! Mikono!"

"Ai! Nisameheni!" Akairudisha mikono nyuma kama mtoto aliyekutwa na sukari. Punde si punde ilikuwa imetoka tena, safari hii kwa mbuzi wa jirani.

"Mikono!"

"Hii mikono haina masikio," Kogo akalalamika. "Nitaifanya nini sasa?"

Msichana mdogo wa dawati la mbele, Tabby, ambaye kwao bibi huitwa shosho, akainua kidole. "Shosho, tukufunge."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Wamboi akafungua kinywa akemee, lakini Kogo alikuwa tayari amevua leso mabegani na kumpa Tabby. "Funga. Funga vizuri kama kuni."

Tabby alizungusha leso kwenye viganja vya Kogo, akapiga fundo, akalikaza kwa meno. Kogo akasimama mbele ya gredi ya tatu, mikono imefungwa kifuani, na hapo akagundua kwamba hakujua la kusema. Maisha yake yote alikuwa amefundisha kwa kushika: binti zake aliwafundisha kukamua akiwa amewashika vidole. Sasa alibakiwa na mdomo, na mdomo wake haukuzoea kazi hiyo.

Akamtazama Joan. Joan alikuwa na bonge la udongo mbele yake na hakuligusa.

"Joan," Kogo akaanza polepole, "Cheptui akitoka malishoni, ni nini inaingia kwa boma kwanza?"

"Pua."

"Kisha?"

"Kisha..." Joan akafumba macho. "Mabega. Yanapanda na kushuka. Halafu tumbo linafuata pole pole, linaenda huku na huku."

"Linaenda vipi? Onyesha."

Joan akasimama akatembea kama Cheptui mwenye ujauzito, na watoto wakacheka, na Kipngetich akasema ng'ombe wa kwao hutembea kama chifu, akatembea na yeye. Baada ya hapo darasa lilihama. Mwalimu Wamboi aliwatoa wakaenda hadi kwenye ua, ambako ng'ombe wa jirani walikuwa wakila nyasi upande wa pili, na Kogo akatembea nyuma yao na mikono yake iliyofungwa, akiuliza tu. Anasimamia miguu gani akikojoa? Masikio yako mbele ya pembe au nyuma? Akichoka hufanya nini? Akilala, ni mguu gani unaingia chini ya kifua?

"Huwa anapiga magoti kwanza!" Tabby akashangaa, kama aliyeona ng'ombe kwa mara ya kwanza, na kumbe kwao wanao watatu.

Siku zilizofuata Kogo aliteremka shuleni kila kipindi cha sanaa, na kila mara Tabby alifunga fundo. Ng'ombe wa Joan wa mara ya pili alikuwa na miguu minene kama kinu, lakini alisimama. Kogo alimwona anasimama, na kitu ndani yake kilitaka kusema miguu ni minene mno. Akakimeza. "Huyu hata upepo ukuje, haanguki," akasema, na Joan akatabasamu mpaka pengo la jino likaonekana.

Usiku mtoto alikula, akaomba nyongeza ya maharagwe.

*

Siku ya safari basi la shule lilimpitia Judy pale Kitale, na Judy akapanda na kikapu cha mayai ya kuchemsha ya watoto wote, hata wa shule nyingine waliokuwa ndani. Walishika njia ya Chwele. Walipofika Kabuchai, miwa ilikuwa imesimama pande zote mbili za barabara, na watoto wa Kachibora, waliozoea mahindi, walibishana kama huo ni msitu.

Ukumbi wa Bungoma ulikuwa na joto na watu wengi. Joan aliketishwa kwenye meza ya tatu na ng'ombe wake mwenye miguu ya kinu, karatasi yenye jina lake imebandikwa mbele. Kogo na Judy wakakaa kwenye viti vya wazazi, safu ya pili. Mwalimu Wamboi alisimama ukutani.

Ndipo Bwana Bethwel akaingia na sanduku. Alikuwa ametoka Kitale, ambako mikutano ilikuwa imemshika siku zote hizo, na Mwalimu Wamboi hakuwa amempata hata kwa simu.

"Mmesahau ng'ombe!" akanguruma kwa furaha. "Ilibidi nipitie shuleni alfajiri! Wee Wamboi, mngekuja kushindana na hii ingine?" Na kabla mtu hajasogea, akamtoa Cheptui kwenye sanduku, akamweka mbele ya Joan, akamsukuma ng'ombe wa miguu ya kinu pembeni.

Kogo aliinuka nusu, akaketi. Hata kama angesimama, asingejua la kufanya.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja mfinyanzi wa Myanga, Mama Nakhumicha, mwenye mikono mikubwa na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifika meza ya tatu, akamzunguka Cheptui, akapiga ulimi kwa mshangao.

"Hii pembe! Ni wewe mwenyewe umefinyanga huyu, mtoto?"

Ukumbi haukunyamaza, maana watu walikuwa wengi na wana mambo yao. Lakini masikioni mwa Kogo ulinyamaza. Aliona Joan akitazama viatu. Akamwona anaacha kutazama viatu.

"Hapana," Joan alisema. "Huyu ni wa kogo yangu. Wangu ni huyu."

Akamvuta ng'ombe wa miguu ya kinu akamrudisha katikati ya meza.

Bwana Bethwel akamtazama Mwalimu Wamboi, akamtazama Kogo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Kumbe nimemleta ng'ombe wa kogo hapa Bungoma," akasema, na kicheko chake kikajaza meza zote za ufinyanzi. Mama Nakhumicha naye akacheka, lakini hakumcheka mtoto, na Kogo aliliona hilo akaliweka moyoni.

"Vizuri," mama huyo alisema. "Basi wa kogo tumweke kando apumzike. Wewe, hebu nionyeshe wako."

Watoto wakagawiwa udongo wa kazi ya papo hapo. Ulikuwa udongo wa mto wa huko, mwekundu, laini kama siagi, na Joan hakuwahi kuushika. Joan akafinyanga kiwiliwili, akafinyanga kichwa, pembe moja hivi na nyingine hivi. Akaweka miguu. Akasimamisha. Miguu ikakunjamana.

Akainyoosha tena. Ikakunjamana tena.

Mdomo wa Joan ukaanza kutetemeka. Vidole vya Kogo vikafunguka vyenyewe mapajani. Kutoka pale alipokuwa, meza ilikuwa hatua chache tu, na alijua la kufanya, vijiti viwili vingetosha, hata njiti za kiberiti. Judy akamshika mkono. "Mama."

Kogo alivua leso. Akaizungusha kwenye viganja vyake mwenyewe, akashindwa kupiga fundo, akamsogezea Judy. "Funga," akanong'ona. "Kaza na meno."

Judy hakuelewa, lakini alifunga. Kule mbele Joan aliinua macho kumtafuta bibi yake, kama alivyofanya tangu akiwa mtoto wa kutambaa, akamwona ameketi wima kama askofu, mikono imefungwa kama kuni. Joan alitazama fundo. Akacheka, kicheko cha puani, na kamasi kidogo. Kisha akamtazama ng'ombe wake aliyechoka.

Hakumsimamisha tena. Alimpigisha magoti ya mbele kwanza. Akakunja mguu mmoja ukaingia chini ya kifua, mwingine akauacha umejitokeza kidogo kando, kwato inaonekana. Akamlaza tumbo upande, likamwagika mezani kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba linavyomwagika. Akageuza kichwa nyuma kidogo, akabonyeza kwa dole lake la punje ya mahindi mahali pa jicho. Akakaa akatazama. Akachukua kipande kidogo kilichobaki, akafinyanga ndama, akamlaza ubavuni mwa mama yake.

Mama Nakhumicha alirudi, akainama mpaka miwani ikaning'inia.

"Huyu amerara," alisema kwa Kiswahili chake cha Bungoma, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha. "Anacheua, si ndio? Nani amekufundisha kumraza?"

"Cheptui," Joan akajibu. "Yeye hulala hivi akitoka malishoni. Udongo wenu huku ni laini, nikasema basi apumzike."

Joan hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa mvulana wa Bungoma aliyefinyanga mtungi ambao Kogo mwenyewe alikubali haukuwa na kasoro. Joan alikuwa wa nne, na wa nne hapewi kitu. Lakini walipokuwa wakifungasha, Mama Nakhumicha alikuja na bonge la udongo mwekundu limefungwa kwa jani la mgomba, akampa Joan. Kwa Kogo alisema, akiutazama mkono uliokuwa bado na alama za fundo, "Mama, hiyo leso nitaiga. Mimi pia nina wajukuu, na hii mikono yangu ni mibaya vilevile."

Kurudi, Joan alilala kwenye mapaja ya Kogo kuanzia Kabuchai, ng'ombe na ndama wakiwa kwenye sanduku lililomleta Cheptui. Cheptui alikuwa amepakatwa na Bwana Bethwel kiti cha mbele. Aliomba amweke ofisini, na akaahidi ataandika kwenye karatasi jina la mfinyanzi halisi.

*

Jumatatu Kogo aliamka alfajiri, akasikiliza. Pa. Pa-pa. Alikaa kitandani akidhani masikio yanamdanganya, kisha akavaa kandambili akaenda hadi mlango wa jikoni. Joan alikuwa kwenye kigoda kando ya moto alioukoka mwenyewe, gunia mapajani, udongo wa Bungoma mikononi. Anafinyanga nini, haikujulikana bado. Kogo alisimama mlangoni kidogo, akaingiza mikono kwapani, akapita kwenda kukamua.

Kipindi cha sanaa kilipokwisha siku hiyo, alikuwa ameketi kwenye kiti cha Mwalimu Wamboi akinywa chai kwa shida, maana hakuna aliyekumbuka kumfungua. Tabby ndiye aliyekumbuka. Akaja akalegeza fundo kwa meno, akaikunja leso mara mbili, akaipapasa kwanza kabla ya kuirudisha.

"Shosho, sasa Bungoma imeisha."

"Imeisha, mama."

"Na Joan anajua."

"Anajua."

Tabby akafikiri. Nyuma yake dirishani kondoo aliyefanana na kiatu alikuwa amepata mwenzake, aliyefanana na kiatu cha pili.

"Lakini wangu bado anaanguka," akasema. "Kesho kuja tena, shosho. Na usisahau leso."